Panya wa Mwalimu Gitari na Kibuyu cha Cucu

Shuleni, Runyenjes
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwa Shangazi Njura,

Naomba barua hii ikukute dukani, sindano iko mdomoni na bado unaongea bila kuimeza. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku juu bado hatujapatana. Asubuhi maji ya bomba yanauma vidole kama siafu, na wasichana wanashangaa mtu wa Siakago anavaa sweta mbili. Zote mbili umezidarizi wewe, kwa hivyo angalau nakutangaza.

Nyumbani hawajambo. Baba ameandika kwamba Cucu, mama yenu, alifungua kibuyu cha mbegu za kunde akakuta fukusi wamekula zote, wamebakisha unga. Baba alishika kichwa. Cucu hata hakushtuka. Alijifunga leso akaenda kwa dada yake ng'ambo ya mto, akarudi na kibuyu kingine, maana nusu ya mbegu huwa anailaza huko kila mwaka. Sasa wanangoja mvua.

Shangazi, kwanza nina ombi la aibu. Tafadhali usiandike "Mama yangu Kaari" juu ya bahasha. Najua nilipewa jina la Cucu, kwa hivyo mimi ni mama yako, na nyumbani ni sawa. Lakini hapa majina ya barua husomwa mbele ya bweni zima. Juzi Deka wa jirani yako Abdimajid alinipigia saluti: "Mama Mzee, pokea mzigo wako!" Nilitamani kuingia chini ya kitanda nikae huko mpaka Agosti.

Sasa jambo lenyewe. Mwalimu Gitari wa kompyuta alitueleza juu ya ofisi moja, hakuitaja jina, ambayo watu walifika kazini wakakuta kila faili imefungwa na ujumbe kwa kioo cha kompyuta: lipeni ndio tuwafungulie. Virusi vya aina hiyo vinaitwa ransomware. Vinaingia kimya, vinavuruga kila faili mpaka mwenyewe hawezi kuisoma, halafu wenye virusi wanakuuzia ufunguo. Darasa lilikuwa linacheka. Mimi nilikufikiria wewe. Nembo zako zote za shule, kutoka Kianjai mpaka Nkubu, ziko ndani ya kompyuta moja. Si uliniambia nembo moja inaweza kukuchukua wiki nzima kuichora, mshono kwa mshono? Zikifungwa, Januari utadarizi nini?

Kwa hivyo mimi na Deka tumechagua mradi wa maonyesho ya sayansi ya Julai kule Embu mjini: kupima programu za ulinzi, tuone ni ipi inalinda faili kweli na ni ipi inajisifu tu. Nakuomba vitu viwili. Nitumie nakala za nembo chache tujaribie. Na uniambie kompyuta yako inalindwa na programu gani, na kama inaangalia folda zote.

Msalimie baba ya Deka hapo mlango wa pili.

Mtoto wa kaka yako,
Kaari

---

Makutano, Meru
Jumatatu, 3 Machi 2025

Kwa Mama yangu Kaari (nimeandika ndani, nje nimeacha),

Usinune kwa kuchelewa. Barua zangu zinapanda gari la Abdimajid likipeleka vitambaa Embu, na gari lilikuwa gereji likitolewa injini kama jino. Sisi huku tuko sawa. Vumbi ni lile lile, malori yanaegesha mlangoni kwangu vile vile, na mimi nayafukuza vile vile. Abdimajid anasema umwambie Deka ale vizuri. Mzee huyu amenunua kitambaa cha zambarau kingi mpaka nahisi anataka shule zote za Meru ziongozwe na askofu.

Nimefurahi Cucu ana mbegu. Huyo mama yangu mkubwa hana haraka na hana hofu. Mama yangu mdogo ndiye ana hofu.

Nembo nimekuwekea kwa flashi ndogo. Moja ni ile ya kwanza kabisa niliyowahi kuchora, ya shule moja ya Kianjai, yenye tembo. Ukimhesabu utaona ana miguu mitano. Mkonga niliushusha sana. Nilitaka kurekebisha, mwalimu mkuu akasema, "Wacha hivyo hivyo, watoto wamempenda." Mpaka leo wanavaa tembo wa miguu mitano. Mtunze huyo.

Kuhusu ulinzi, usijali. Uko. Kuna alama ya kijani pale chini kwa kona, na Mutuma fundi aliniambia ikiwa kijani mambo ni sawa. Tena nina akiba: flashi yangu ya nembo imechomekwa kwa kompyuta saa zote, na nimeifunga kwa uzi mwekundu kwa mguu wa meza ndio mtu asiende nayo. Umeona? Shangazi yako si wa jana.

Sasa na mimi nikuulize. Unasema "mimi na Deka, mimi na Deka". Siku ya maonyesho, nani ataongea?

Shangazi yako na binti yako,
Njura

---

Shuleni, Runyenjes
Jumapili, 16 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Tembo amefika salama na miguu yake yote. Deka amecheka mpaka akapata kwikwi, na anakula vizuri, anakula hata changu. Baba anasema mvua ilipiga Siakago jioni moja ikakimbia, lakini Cucu tayari amepanda.

Mwalimu Gitari ametupa kompyuta kuukuu isiyounganishwa na mtandao wala na zile zingine, imekaa peke yake kwa kona kama mgonjwa wa surua. Ndani tumejaza insha zetu, picha za michezo, nyimbo za kwaya na nembo zako. Halafu yeye mwenyewe akatuandikia kirusi cha mchezo. Tunakiita Panya. Panya anatoka faili hadi faili akizifunga jinsi wale wabaya wanavyofanya, ila hatoki nje ya mahali tulipomwonyesha, na Mwalimu ana ufunguo wa kufungua kila kitu.

Programu tatu tunazopima tumeziita askari. Deka ndiye aliwabatiza. Askari Kofia alimkamata Panya baada ya faili chache tu, na zile zilizokuwa zimefungwa akazirudisha zilivyokuwa. Nilipiga makofi, kumbe ni mimi peke yangu, nikaona haya. Askari Kijani, ambaye ndiye wako, pia alimshika haraka, ila kilicholiwa hakikurudi. Askari Kimya alimwacha Panya amalize yote, halafu akatoa habari kama mtu anayesoma matangazo ya vifo. Tumerudia na kurudia, kwa sababu Mwalimu Gitari hakubali askari asifiwe kwa bahati ya siku moja.

Lakini sikiliza, Shangazi. Tuliacha flashi imechomekwa, vile wewe unafanya. Kwa Panya hicho ni chumba kingine tu cha nyumba ile ile. Aliingia. Tembo wako akawa matope. (Usilie, tulimfungua.)

Kitu kingine. Kijani anaweza kuambiwa, "Folda hii usiiangalie," na hataiangalia kamwe, na bado atabaki amewaka kijani. Mafundi hufanya hivyo programu nyingine ikigombana naye. Hebu mfungue, tafuta mahali pa folda zilizoachwa, uniambie kama ya nembo iko hapo.

Swali lako nimeliona. Karatasi imeisha.

Kaari

---

Makutano, Meru
Jumapili, 18 Mei 2025

Kwa Mama aliyeishiwa na karatasi,

Habari za kurudi shule? Sisi tunashukuru. Mvua imenyesha, Makutano sasa ni matope badala ya vumbi, na Abdimajid amenunua viatu vya mpira vya zambarau. Sisemi kitu.

Likizo ulinipigia kwa simu ya baba yako. Tukaongea mvua, tukaongea kunde zimeota, tukaongea mbuzi amezaa mapacha. Halafu tukaongea hata jogoo wa Cucu. Hukuniuliza na sikukuuliza.

Ile Kijani nitaifungua. Wateja wamekuwa wengi, na mashine imekuwa ikikata uzi, na Mutuma alikuwa Maua. Nitaifungua tu.

Ndani ya bahasha nimekuwekea karatasi safi kadhaa, pande zote mbili tupu. Nani ataongea?

Njura

---

Shuleni, Runyenjes
Jumapili, 25 Mei 2025

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa baridi. Nimefurahi kusikia Abdimajid amepata viatu. Deka amefunika uso kwa mikono miwili. Baba ameandika kwamba mapacha wa mbuzi wanaingia jikoni na Cucu anawafukuza kwa mwiko, lakini jina ameshawapa.

Naandika kwa karatasi yako, kwa hivyo sina pa kujificha.

Deka ndiye ataongea. Mimi nitabonyeza vitufe. Tulikubaliana hivyo siku ya kwanza kabisa na mimi ndiye nilimwomba. Shangazi, nikisimama mbele ya watu sauti inaenda, sijui inaenda wapi. Mwaka jana nilipewa nisome matangazo gwaride la Jumatatu. Nilisimama pale na karatasi mkononi mpaka kengele ikalia, na watu wakaondoka bila kujua Jumamosi kuna nini. Kwa Kiingereza naogopa kukosea. Kwa Kiswahili naogopa watasikia Kimbeere chetu ndani yake. Kwa Kimbeere hakuna anayeniuliza kitu. Kwa barua tu ndio mimi ni jasiri, umeona.

Na inaniuma, kwa sababu majaribio ni mimi nimeyapanga. Deka anasema Kofia ni mzuri "kwa sababu ni mzuri". Ningetaka mtu aeleze sababu.

Hiyo ndiyo yangu. Sasa niambie yako. Sidhani ni wateja.

Nina wazo, na Mwalimu Gitari amekubali. Kwa flashi hii kuna Panya na ufunguo wake. Mwambie Mutuma akae karibu. Chomoa flashi yako ya uzi mwekundu. Tengeneza folda inayoitwa Jaribio ndani ya folda ya barua zako za kawaida, na nyingine kama hiyo ndani ya folda ya nembo. Weka nakala tu, nakala tu, Shangazi. Halafu mwachilie Panya huku, kisha kule, uone Kijani anafanya nini.

Ukifanya, mimi nitaongea. Nimeandika kwa wino, siwezi kufuta.

Kaari

---

Makutano, Meru
Jumapili, 15 Juni 2025

Kwa Kaari wetu,

Huku ni wazima na nina mengi, kwa hivyo salamu za mbuzi nitatuma siku nyingine.

Yangu ni hii. Sijawahi kuifungua hiyo Kijani. Tangu Mutuma aiweke, hata siku moja. Naogopa nikigusa mahali si pake nembo zipotee zote. Mimi huyu ambaye madereva wa malori wakiniona natoka mlangoni wanawasha injini! Kitu kidogo kama punje ya wimbi kwa kona ya kioo, na kinanitetemesha. Nikaona haya kukuuliza wewe, kwa sababu wewe ni mtoto. Halafu tena wewe ni mama. Huku haya, huku haya. Basi nikasema wateja.

Sasa nikueleze jana. Nilimwita Mutuma, nikamketisha. Abdimajid akaingia na chupa yake ya chai.

"Njura, kwani leo kuna harusi?"

"Leo kuna panya," nikamwambia.

Akainua miguu yote miwili juu ya kiti, na viatu vyake vya zambarau.

Tukaanza na folda ya barua. Panya hakufika mbali. Kijani alipiga kelele, kisanduku chekundu kikatokea kwa kioo, mambo yakasimama. Mutuma akajinyoosha kama bwana harusi. "Si unaona, mama? Kazi yangu huwa safi."

Tukaenda folda ya nembo. Nikamwachilia. Hakuna kelele. Nikaona majina ya faili yanabadilika moja baada ya nyingine, kama mtu anayetembea chumba hadi chumba akizima taa. Shule ya Nkubu ikaenda. Kwaya ya Maua ikaenda. Tembo akaenda.

"Kijani yuko?" nikauliza.

"Yuko," Mutuma akasema, polepole.

"Amewaka?"

"Amewaka kijani."

Kaari, nilipiga nduru. Najua ulisema ni nakala. Kichwa kilijua, mdomo haukuwa umeambiwa. Mama wa ndizi wa hapo nje aliingia na ufagio akiuliza nyoka yuko wapi. Abdimajid akamwambia, bado miguu iko kwa kiti, "Si nyoka, ni panya, lakini ameingia kwa kompyuta." Yule mama akamwangalia, akaangalia viatu vyake, akarudi kwa ndizi zake.

Mutuma alikuna kichwa sana. Kumbe siku alipoweka programu ya kudarizi, Kijani alikuwa anaizuia isifanye kazi. Akamwambia Kijani aiache folda hiyo yote, kidogo tu, amalize.

"Nilisema nitarudisha baadaye," akasema.

"Na baadaye ni lini?" Abdimajid akauliza.

"Ni leo."

Akataka kushika kipanya cha kompyuta. Nikamwambia toa mkono. Akanionyesha kwa kidole, na mimi mwenyewe nikabonyeza. Ile programu ya kudarizi ikaruhusiwa peke yake, folda ikarudi kulindwa. Tukafungua nakala kwa ufunguo wa mwalimu wako, tukamwachilia Panya tena. Hakumaliza hata kwaya! Nilicheza, Kaari. Mutuma alicheza. Abdimajid hakucheza lakini alishusha miguu.

Sasa niulize. Kama kuacha flashi imechomekwa ni makosa, nikiichomoa niiweke wapi? Lazima niichomeke kila nikidarizi, mashine inasoma nembo kutoka huko kupitia kompyuta. Na nikiiweka kwa droo, duka likiungua zinaungua pamoja.

Na pia, mama, mimi nimefanya yangu.

Njura

---

Shuleni, Runyenjes
Jumapili, 22 Juni 2025

Shangazi mpendwa,

Nimesoma barua yako chini ya mti wa parachichi nikacheka peke yangu mpaka mpishi akaniuliza kama niko sawa. Deka ameisoma pia, sehemu ya viatu ameisoma mara nyingi. Tumepima tangu Machi hapa lakini matokeo makubwa ya mradi wetu yametoka Makutano: askari yule yule, siku ile ile, mwerevu chumba kimoja na kipofu chumba cha pili. Mwalimu Gitari amesema hilo ndilo tuanze nalo.

Kuhusu flashi, mbona jibu tunalo nyumbani? Cucu hulaza nusu ya mbegu kwa dada yake. Hajui kompyuta, lakini fukusi anawajua. Nunua flashi ya pili, weka nembo zote, itume Siakago kwa gari la Abdimajid siku ya soko, Cucu aihifadhi. Ukichora nembo mpya nyingi, mnabadilishana. Ile ya uzi mwekundu ni ya kufanyia kazi. Ya Cucu ni ya mbegu.

Nimewaambia. Nilimwambia Mwalimu Gitari kwanza, halafu Deka.

"Wewe? Utaongea? Kwa mdomo?" Deka akasema.

"Kwa mdomo."

"Basi mimi nitabonyeza. Lakini nikikuona unatafuta mlango, nitakuwa nimesimama mlangoni."

Nilifanya mazoezi mbele ya kompyuta kuukuu na hata hiyo nilishindwa kuiangalia usoni. Niombee.

Kaari

---

Makutano, Meru
Jumamosi, 5 Julai 2025

Mama Kaari,

Haraka haraka, gari linanguruma nje. Sote wazima. Flashi ya pili imefika kwa Cucu. Nilimwambia kwa simu asiipake majivu kama mbegu. Akaniuliza, "Sasa fukusi wakija?"

Hiki kitambaa ni chako. Nilichukua yale matokeo uliyoniandikia nikayadarizi. Kila mraba ni faili: kijani imepona, nyekundu imefungwa. Mstari wa Kimya umekuwa kama gunia la nyanya. Kwa kona nimekuwekea Panya, na chini ni nyumba yangu ya vyumba viwili. Uking'ang'aniwa na haya, usiangalie watu. Angalia mishono yangu usome.

Sitaweza kuja, kuna sweta za shule tatu. Nitakuwa nakusikia kutoka hapa.

Njura

---

Shuleni, Runyenjes
Jumapili, 20 Julai 2025

Shangazi yangu,

Najua utaruka salamu uende chini, kwa hivyo salamu ni fupi: wote wazima, mbuzi mmoja amekula soksi ya Baba.

Tulifika Embu asubuhi. Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka watu wamesimama kando ya kuta. Baba alikuja na Cucu, naye Cucu amevaa lile koti lake la kanisani. Meza yetu ilikuwa kati ya watu wa kikausha maembe na watu wa jiko la takataka. Nilitundika kitambaa chako na kabla hatujaanza watu walikuwa wamekigusa wote.

Majaji walipofika, sauti ilienda. Ile ile ya gwaride. Nilimwona Deka anasogea taratibu kuelekea mlangoni, kweli kama alivyoahidi. Nikageuka nikaangalia mishono yako. Nikaweka kidole kwa mstari wa kwanza, nikasema, "Huyu ni Kofia." Sauti ilikuwa ndogo kama ya mbu, lakini ilikuwa yangu. Nikaweka kidole kwa mstari wa pili. Nilipofika kwa Kimya, nilisema ni gunia la nyanya, mtu mmoja akacheka, na nilishangaa kwamba hakunicheka mimi, alicheka nilichosema. Basi nikasema kingine. Nikaeleza kwa nini tulirudia majaribio. Nikaeleza duka lako, na Kijani aliyewaka huku Panya akila. Sikutaja jina la Mutuma. Nilitaja miguu ya mtu fulani juu ya kiti, na Deka akapiga kelele, "Ni baba yangu!"

Kisha jaji wa miwani akauliza, kwa uso wa kunipima, "Na nembo za huyo shangazi sasa zimehifadhiwa wapi?"

Nikajibu, "Flashi moja iko Meru, anaichomoa akimaliza kazi. Nyingine iko Siakago, ndani ya kibuyu cha kunde."

Ukumbi uliangua kicheko. Na Cucu, ambaye katika yote hayo alikuwa ameshika neno kibuyu tu, akasimama huko nyuma akasema kwa Kimbeere kwamba ndiyo, kiko, amekifunga mwenyewe kwa ngozi, na hakuna mtu atakifungua. Akaketi. Jaji alivua miwani akafuta macho. Mimi nilicheka mpaka nikashika meza, Shangazi, mbele ya watu wote hao, na nilipomaliza kucheka niliona hofu haipo. Nadhani ilitoka na wale wa jiko la takataka.

Tulikuwa wa pili. Kikausha maembe kilikuwa cha kwanza na kilistahili, tulionja.

Kaari

---

Makutano, Meru
Jumamosi, 13 Septemba 2025

Kwa Mama yangu mdogo,

Nitaanza na salamu makusudi, ndio ungoje kidogo. Ile barua yako ya Julai nimemsomea kila mteja. Mama wa ndizi anaijua kwa moyo. Abdimajid amenunua kitambaa cha kijani.

Sasa keti. Panya alikuja. Wa kweli.

Wiki iliyopita nilipata barua pepe, ati shule mpya ya upande wa Maua inataka nembo, mchoro umeambatanishwa. Mimi si nafungua michoro kila siku? Nikafungua. Nilikuwa katikati ya kudarizi, flashi ya uzi mwekundu imechomekwa. Nikaona jina la faili limebadilika. Halafu lingine. Na kabla sijashika kichwa, Kijani akapiga kelele na kile kisanduku chake chekundu. Akamshika, Kaari! Ndani ya folda ile ile aliyokuwa kipofu.

Sikupiga nduru. Nilichomoa waya wa mtandao, nikachomoa flashi, nikampigia Mutuma, nikakaa juu ya mikono yangu. Alipokuja aliuliza nani amenifundisha. Nikamwambia mama yangu.

Nembo kadhaa zilikuwa zimeliwa, kwa kompyuta na kwa flashi. Na unajua wa kwanza kuliwa ni nani. Kulikuwa na ujumbe wa Kiingereza, ati nikitaka vitu vyangu nilipe. Mutuma hakuumaliza kuusoma. Alifuta kompyuta yote akaipanga upya, na folda zote ziko chini ya Kijani, nimehakikisha mwenyewe kwa kidole changu.

Halafu tukaita mbegu. Abdimajid alipitia Siakago kwa Cucu. Akarudi na kibuyu kizima kwa mapaja! Cucu alikataa kukifungua. Alisema hafungui kibuyu mbele ya gari. Basi tukakifungua hapa, kwa meza ya kukatia, tukamwaga kunde zote, na mama wa ndizi ndiye aliiona kwanza: "Hii hapa, hii mbegu nyeusi!"

Nikaichomeka. Tembo akatokea. Tukamhesabu kwa sauti, mimi na Mutuma na Abdimajid, kama watoto wa nasari: moja, mbili, tatu, nne, tano! Malori yalipiga honi huko nje bila kujua kwa nini tunashangilia, na safari hii sikuyafukuza.

Zote ziko, Kaari. Hata moja haijapotea. Kunde tumeziokota mpaka ya mwisho, Cucu anataka kibuyu chake kabla ya mvua ya Oktoba. Ndani nimeweka flashi mpya.

Binti yako,
Njura

---

Shuleni, Runyenjes
Jumapili, 21 Septemba 2025

Kwa Njura, binti yangu,

Sisi ni wazima. Barua yako ilisomwa jina mbele ya bweni, nje uliandika "Mama Kaari" kwa herufi kubwa, na nilienda kuichukua nikitembea, sikukimbia. Deka alipiga saluti. Niliirudisha.

Nimelia kidogo kwa tembo, halafu nimeenda kumwambia Mwalimu Gitari, halafu ameniomba niwaeleze Kidato cha Kwanza gwaride la kesho. Nimekubali. Kitambaa chako nimeshakitoa sandukuni.

Baba anasema kibuyu kimefika na Cucu amekifunga tena kwa ngozi. Alitikisa kwanza, akasikiliza.

Sasa nina neno moja na usilete mambo ya wateja. Kama uko kwa mashine unasoma hii, angalia mguu wa meza. Ule uzi mwekundu. Umemaliza kudarizi? Chomoa.

Mama yako,
Kaari